Mto Una Wenyewe Wangapi?



Tangu mwaka uanze, chai ya baada ya ibada imekuwa na mada moja tu: mashamba. Mmoja amenunua ekari tano za mpunga Mbarali. Mwingine anatafuta kipande cha vitunguu kando ya mto huko Iringa. Wa tatu ametuma hela ya mashine ya kuvuta maji, na mdogo wake ameshaifunga ukingoni. Ni habari njema. Tumekuja Muscat kutafuta, na anayetafuta hana budi kuwa na mahali pa kuweka alichokipata.

Wiki chache zilizopita dada mmoja akauliza swali lililonyamazisha meza: "Hivi huo mto mnaouwekea mashine, wenyewe mmewauliza?" Ndugu mmoja akajibu kwamba mto ni wa serikali. Mama mmoja akasema mto ni wa Mungu. Mwingine akasema ni wa wanakijiji, na wanakijiji walishirikishwa, kikao kilifanyika na muhtasari upo. Nilipofika nyumbani Sidab niliendelea kuyapima majibu yale. Yote matatu yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana hakuna hata moja linalotosha. Mimi ni muuguzi na mzee wa kanisa, sikusomea maji. Lakini swali hili nalifahamu kutoka wodini, kwa sura nyingine, na naomba niliseme ninavyoliona.

Nianze na neno lenyewe. Siku hizi hakuna hotuba ya maendeleo inayokwisha bila "wananchi washirikishwe". Tunaitikia kama tunavyoitikia amina. Hebu tulitazame. Kushiriki ni kutenda: mimi nashiriki. Kushirikiana ni kutenda pamoja. Kushirikishwa ni kutendwa: yupo mtu mwingine aliyekwisha kukaa, akapanga, akaamua ni lini na kwa kiasi gani nitaingizwa. Neno usharika limetoka katika shina hilohilo, na hakuna kati yetu anayesema kwamba "ameshirikishwa" Meza ya Bwana. Anashiriki. Anakwenda kwa miguu yake, anapokea, anakula. Kwenye mto na msitu tumeikubali kauli ya kutendwa bila kuuliza.

Hospitalini tuna karatasi inayoitwa fomu ya ridhaa. Kabla ya upasuaji mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa atafanyiwa nini, kuna hatari gani, kuna njia gani nyingine, na ajue kwamba anaweza kukataa na bado akatunzwa. Ndipo atie sahihi. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi miaka mingi ameona pia ile sahihi ya aina nyingine: mgonjwa ameshavalishwa gauni, machela iko mlangoni, daktari anatazama saa, kalamu inawekwa mkononi. Karatasi inafanana kabisa na ile ya kwanza, lakini aliyetia sahihi hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Mikutano mingi ya kijiji kuhusu mto ni ya aina hii ya pili. Ramani imeshachorwa, fedha zimeshatengwa, wageni wamefika na gari, posho ya kikao imelipwa. Watu wanasaini orodha ya mahudhurio, na orodha ya mahudhurio inakuwa ridhaa.

Mto ambao wengi wenu mnaununulia mashamba, Ruaha Mkuu, una historia inayofaa kusomwa kwa macho hayo. Vijito vyake vinashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere: Mbarali, Kimani, Chimala na vinginevyo. Vinafika kwenye tambarare ya Usangu, vinatawanyika na kukusanyika tena katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha maji yanapita juu ya mwamba wa Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kutoka huko yanakwenda bwawa la Mtera, kwenye mitambo ya megawati 80, halafu Kidatu, megawati 204, na mwisho yanakuwa sehemu ya Rufiji na kumwagika baharini mkabala na Mafia. Taa ya Dar es Salaam, kiboko wa hifadhini, sahani ya wali wa Mbeya na samaki wa Mtera, vyote vinakunywa katika kikombe kimoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kilimo cha mpunga cha kumwagilia Usangu kilianzishwa na Wabaluchi, wahamiaji waliofika enzi za Mwingereza na kuchimba mifereji. Wajukuu wao wapo Rujewa mpaka leo, na jamaa zao tunapanga nao foleni hapa Muscat kila siku. Kwa hiyo tunaposema "wenyeji wa mto", tukumbuke kwamba mfereji wenyewe uliletwa na mgeni. Wenyeji walijifunza, wakachimba yao. Miaka ya 1970 serikali ikajenga shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa Wachina. Baadaye yakaja Kapunga na Madibira. Na katika miaka hiyohiyo wafugaji, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, waliendelea kuingia na mifugo yao kufuata majani ya Ihefu. Kila mmoja alikuta nafasi, akakaa, akazaa.

Mwaka 1993, wakati wa kiangazi, mto ukakatika ndani ya hifadhi. Haukupungua tu. Ulisimama. Viboko na mamba wakabanana kwenye madimbwi. Tangu hapo ukawa unakatika kila kiangazi, kuanzia wiki chache hadi miezi kadhaa katika miaka mibaya. Mtera nayo ilikuwa ikishuka na miji ikaonja mgawo wa umeme, na waliokaa gizani wakataka kujua nani amekunywa maji yao. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza mbele ya mataifa, London, kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ilikuwa ahadi njema. Lakini waliotakiwa kuitekeleza ni watu wa Usangu, na wao hawakuwa London.

Wakati huohuo utafiti mkubwa ulikuwa umefanyika Usangu, kwa ushirikiano wa serikali na Waingereza. Majibu yake hayakupendeza masikio ya waliokwisha kuamua. Ulisema kwamba chanzo kikuu cha mto kukatika ni maji yanayochepushwa kwenye mifereji wakati wa kiangazi, na kwamba ng'ombe mchango wao ni mdogo mno kuliko wanavyolaumiwa. Hata hivyo, mwaka 2006 na 2007, walioondolewa kwa operesheni walikuwa hasa wafugaji. Familia kwa maelfu zilihamishwa pamoja na mifugo kuelekea Lindi na Pwani, ng'ombe wengi wakafa au kupotea njiani, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais aliunda tume ya uchunguzi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2010 ukafika na kupita, na mto ukaendelea kukatika.

Sisemi ng'ombe hawaharibu. Ng'ombe elfu wakikanyaga kingo za kijito, matope yake mtayanywa. Ninachosema ni kwamba aliyeondolewa ni yule ambaye ilikuwa rahisi kumwondoa. Mfugaji hana bango, hana kibali, hana jengo la zege. Ana fimbo na familia inayotembea. Katika wodi tunajua mgonjwa wa namna hiyo: yule asiye na ndugu wa kumsemea, ambaye kitanda chake ndicho huhamishwa kwanza kikitafutwa kitanda.

Hapa mtu angetegemea niseme, basi, tuwape wanakijiji mto wao, mambo yatakaa sawa. Ningependa iwe rahisi hivyo. Tatizo ni kwamba ukishuka Usangu huikuti "jamii" imekaa chini ya mwembe ikikusubiri. Unamkuta wa juu, wa katikati na wa chini. Unamkuta mwenye ekari hamsini na mwenye robo ekari ya kukodi. Unamkuta mama anayechota ndoo kwenye mfereji, kwa sababu kwa vijiji vingi mfereji wa shamba ndio bomba la nyumbani pia, na ukiufunga kiangazi kwa ajili ya kiboko umemfungia yeye.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje waliwahi kupeleka Usangu mchezo. Naupenda sana mchezo huu. Ni ubao mrefu ulioinamishwa, una mfereji katikati mfano wa mto, na pembeni una vishimo mfano wa mashamba. Unamwaga goroli juu, zinateremka. Kila mchezaji ana vijiti, anaviweka kama banio ili kuelekeza goroli shambani kwake. Wakulima wa kweli, wa vijiji vya kweli, wakaketi kuzunguka ubao. Duru ya kwanza kila mtu alijipangia mwenyewe: wa juu wakajaza hadi goroli zikabaki za ziada, wa chini wakakaa na vishimo vitupu. Halafu watu wakabadilishana nafasi, na wa juu akawa wa chini. Ndipo mazungumzo yakaanza. Hakuna aliyekuwa ameelimishwa kwa mhadhara. Alikuwa ametazama kishimo chake kikikaa kitupu.

Jambo jingine lililoonekana Usangu linanifikirisha hata zaidi. Mabanio ya zamani yalikuwa ya matawi, mawe na udongo. Yalivuja, na mafuriko yakija yalisombwa. Wafadhili wakaona umaskini, wakajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Ufanisi ukapanda. Na mlango ukifungwa wakati wa kiangazi, mto wote unaingia mferejini, hata tone halipiti. Kuvuja kwa lile banio bovu kulikuwa ndiyo sehemu ya mtu wa chini, ila hakuna aliyeiandika popote, kwa hiyo ilipozibwa hakuna aliyejua kwamba ameiba. Na serikali ilipoanza kutoza ada za matumizi ya maji ili watu wayatumie kwa uangalifu, baadhi ya wakulima wa juu walielewa kinyume: nimelipa, kwa hiyo ni yangu, nayachukua yote. Risiti ikawa hati ya ubinafsi.

Kwa hiyo ule mfano wangu wa fomu ya ridhaa unafika mahali unakatika kama mto wenyewe. Mgonjwa anaweza kukataa upasuaji kwa sababu mwili ni wake. Akikataa, anayeumia ni yeye. Mto haukai ndani ya ngozi ya mtu mmoja. "Hapana" ya kijiji cha juu ni kiu ya kijiji cha chini, na "ndiyo" yake pia. Hivyo siwezi kusema kwamba wanaoishi ukingoni wana haki ya kuamua peke yao, kama mgonjwa. Wala siwezi kusema, kama yule ndugu mezani, kwamba mto ni wa serikali, yatosha. Serikali inaweza kuwa mwamuzi, lakini mwamuzi hanywi maji ya mto huo.

Isaka mwana wa Ibrahimu alikutana na jambo hili katika Mwanzo 26. Alichimba visima, wachungaji wa Gerari wakamgombania. Akaacha kimoja, akaacha cha pili, akasogea hadi alipopata kisima kisichogombaniwa. Tumehubiriwa mara nyingi kuhusu upole wake, na ni kweli alikuwa mpole. Lakini upole ule ulihitaji kitu kimoja: nchi tupu ya kusogea. Wafugaji wa Ihefu waliosogezwa hadi Lindi walikuta watu na mashamba yao, na ugomvi ukaanza upya huko. Siku hizi hakuna kisima cha tatu. Ni lazima tujue kukaa pamoja kwenye kile cha kwanza.

Na nchi hii tunayoishi inajua jambo hilo, ingawa haina mto unaotiririka mwaka mzima kama yetu. Sisi wa Sidab tuna bahari mbele na majabali nyuma, na maji ya bombani yametolewa chumvi mtamboni, kwa hiyo ni rahisi kudhani Oman haina cha kutufundisha kuhusu maji. Chukueni gari siku ya mapumziko, mwende Birkat al-Mauz njia ya Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Pale kuna falaji iitwayo al-Khatmain, mfereji unaotoa maji chini ya mlima na kuyagawa sawasawa katika mikono mitatu. Ni mojawapo ya falaji tano zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Nyingine zinazofanya kazi nchini zinakadiriwa kufika 3,000.

Watoto watapenda maji. Ninyi watu wazima tazameni utaratibu. Maji yakitokeza, mahali pa kwanza ni pa kunywa, na hapo kila mtu ana haki, mwenye shamba na mpita njia. Hakuna kuoga wala kufua juu ya hapo. Kisha msikiti, kisha mahali pa kuogea, na ndipo mashamba: mitende kwanza, maana mtende ukifa umepoteza miaka, halafu mazao ya msimu, ambayo yanaweza kuachwa mwaka wa ukame. Fungu la maji linapimwa kwa muda. Kipimo kimoja, athari, ni kama nusu saa, na zamani walikitambua kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Yupo wakili anayesimamia, yupo arifu anayepanga zamu, yupo mshika daftari. Na sehemu ya mafungu si ya mtu yeyote: ni ya falaji yenyewe. Yanakodishwa kwa mnada, na fedha inafanya ukarabati. Mfereji una fungu lake katika maji yake, kama mgonjwa anayeachiwa damu yake ya kutosha kabla ya kuombwa amchangie mwenzake. Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga jambo karibu hilohilo: matumizi ya nyumbani kwanza, kisha maji ya mto wenyewe kuendelea kuishi, ndipo kilimo, viwanda na mengine. Wanakijiji walioko hapa karibu na Nizwa walilifikia hilo kwa karne nyingi za kukosana na kupatana.

Lakini tusiifanye falaji kuwa bustani ya Edeni. Mafungu yanarithiwa, yanauzwa, yanakodishwa. Asiye na fungu ana haki ya kunywa tu, na tajiri anaweza kuwa na mengi. Na kuna jambo ambalo sisi wageni tunaliona haraka kuliko wenyeji: siku hizi anayeingia matopeni kusafisha mfereji, mara nyingi, ni kibarua kutoka Bangladesh au India. Zamani mwenye fungu alikuwa mwenye jembe. Leo mkono unaosafisha hauna fungu, na mkono wenye fungu hausafishi. Nikiutazama mfereji ule najiuliza kama utaratibu wake utaishi, maana uliegemea juu ya watu waliokuwa wakikutana mle matopeni.

Hata hapa Sidab penye bahari kuna kivuli cha jambo hilo. Wavuvi wana desturi zao, na Oman ina kamati zinazoitwa Sunan al-Bahr, yaani desturi za bahari, ambamo wavuvi wazoefu hukaa pamoja na liwali na maofisa wa uvuvi kuamua magomvi ya nyavu na maeneo. Mzee anayejua samaki hupita wapi anasikilizwa kabla faili halijafunguliwa. Waliotoka Kilwa, Bagamoyo au Lamu wataona ni binamu wa zile kamati za ulinzi wa fukwe za kwetu, za BMU.

Sasa turudi kwa mwenye mashine. Mimi nasadiki hivi: sauti ya mtu kwenye mto ipimwe kwa mambo mawili. La kwanza, uamuzi ukikosewa, ni nani atakosa maji? La pili, ni nani atakuwepo siku ya kusafisha mfereji? Mama wa ndoo ana la kwanza kwa ukamilifu. Mfugaji analo pia, hata kama alifika jana, maana kiu haiulizi ulizaliwa wapi. Mkulima wa chini analo kuliko wa juu. Sisi tulioko Muscat, kwa kweli, tuna kidogo sana cha lile la kwanza, na karibu hatuna la pili. Tulichonacho ni hela. Hela ina sauti kubwa kijijini. Inafika kabla yetu, inakaa kiti cha mbele, na hakuna anayeiambia hapana, kwa sababu mwenyekiti naye ana mtoto anayehitaji ada. Ukitaka kujua kama kijiji kimeridhia mashine yako, jiulize kama kuna mtu aliyeweza kukukatalia. Kama hakuwepo, una muhtasari tu.

Ndugu yule wa chai ameniambia, na ana hoja: "Mama, mimi nikijizuia, atakuja mwekezaji wa ekari elfu, na hatauliza mtu. Afadhali mimi mtoto wa kule." Namwelewa. Ni kweli kwamba mwiba mdogo si sawa na mwiba mkubwa. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa kwa mmoja inakubaliwa kwa wote, na mashine mia za watoto wa kule zinavuta sawa na mwekezaji mmoja, tena mwekezaji walau ana geti la kugongwa. Wenye mashine mia hawana pa kugongewa. Kila mmoja yuko zamu Muscat, Doha, London, na kijana wa shamba anasema tajiri hapatikani kwa simu. Tena anayewajibika kwa kijiji anakuwa na nguvu ya kumpinga yule wa ekari elfu. Asiyewajibika atampingaje?

Sisemi tusilime. Wazazi wetu wanakula, watoto wa ndugu zetu wanasoma. Nasema tuingie mtoni kama watu wanaoshiriki, kwa kauli ya kutenda. Katika vijito vingi vya Usangu, na kwingineko Tanzania, zipo jumuiya za watumia maji. Sheria ile ya 2009 inazitambua. Zinapanga zamu, zinasuluhisha, zinakusanya michango, zinakaa kati ya mkulima na Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa Ruaha ni Bonde la Rufiji. Nyingine zina nguvu, nyingine ni jina na muhuri. Kabla hujalipa dalali, uliza ni jumuiya gani inayoshika kijito hicho na nani katibu wake. Uliza kibali cha kutumia maji kiko kwa jina la nani, maana kununua shamba si kununua maji. Uliza shamba liko umbali gani kutoka kingo, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Na uliza lile ambalo dalali hapendi: baada ya shamba hili, nani anafuata chini? Mpate huyo mtu, hata kwa simu. Siku ya msaragambo wa kusafisha mfereji, usitume mchango tu. Tuma mtu mwenye jina lako, akae matopeni na wenzake, akusikilizie wanayosema juu yako. Zamu yako ikiwa ni Jumanne usiku, mashine ilale siku nyingine zote, hata kama mafuta yapo.

Na kwa wale ambao bado hamjanunua: madalali hupenda kuonyesha shamba mwezi wa Aprili. Mto umejaa, majani yako kiunoni, unaona maji ya kutosha nchi nzima. Likizo yako ya mwaka iombe mwezi wa Oktoba. Nenda ukasimame ukingoni mwezi huo, kisha panda pikipiki ufuate mto kuelekea chini, kijiji hadi kijiji, mpaka mahali maji yanapokoma. Hapo shuka, usalimie, ukae na watu utakaowakuta. Hao ndio wa kuwauliza.